Kwa nini kompyuta za shule hubaki toleo moja nyuma: mwaka mzima wa Windows na macOS

Septemba ikifika, simu za dawati la huduma hubadilika. Agosti zilikuwa za nenosiri lililosahaulika na chaja iliyopotea. Sasa mwalimu anauliza, "Mac yangu ya nyumbani imeshapata toleo jipya, mbona hii ya shule mmeizuia?" Ni swali la haki, na anayeuliza anastahili jibu lililo kamili kuliko "subiri kidogo." Jibu lenyewe ndilo hili, na limeandikwa kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa kompyuta za wilaya ya shule Marekani, au za shule moja tu popote pale, ambaye bado hajafanya makosa tuliyoyalipia sisi wenzake.

Marekani wilaya ya shule ni chombo chenye bodi yake, bajeti yake na mafundi wake. Nyingine ina shule mbili tatu, nyingine ina zaidi ya mia. Kwa hesabu zitakazofuata, chukua wilaya ya kati: kompyuta 3,000, Windows kwa wanafunzi, Mac kwa walimu, na mafundi wa kuhesabika kwa vidole.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Apple hutoa macOS mpya majira ya vuli: Catalina ilitoka 7 Oktoba 2019, Big Sur 12 Novemba 2020, Sonoma 26 Septemba 2023, Sequoia 16 Septemba 2024. Windows 11 ilitoka 5 Oktoba 2021, na toleo lake la kila mwaka huja nusu ya pili ya mwaka. Shule nazo zinafunguliwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa hiyo toleo jipya linabisha hodi wakati watoto wameshakaa, mashine zote ziko mikononi mwa watu, na Oktoba kuna PSAT, mtihani wa maandalizi ya SAT (mtihani wa kuombea chuo), ambao tangu 2023 unafanywa kwenye kompyuta. Kampuni zinapanga tarehe zake kwa soko lake, na soko hilo halisubiri kengele ya shule.

Tatizo la pili ni kwamba mfumo endeshi umebebeshwa vitu vingi. Tuanze na kichujio cha intaneti. Sheria ya CIPA ya mwaka 2000 inaidai wilaya inayopata punguzo la intaneti kupitia mpango wa E-Rate iwe na kichujio kinachozuia picha chafu. Punguzo hilo ni kati ya asilimia 20 na 90 ya bili ya intaneti, kwa hiyo hapa tunazungumzia pesa za kweli pamoja na usalama wa watoto. Mwaka 2020, Big Sur ilipokuja, Apple ilikuwa inaachana na njia ya zamani ambayo programu za aina hii zilitumia kuingia ndani kabisa ya mfumo, na watengenezaji wa vichujio wakalazimika kuandika upya bidhaa zao. Aliyepandisha mapema alibaki na Mac inayofanya kazi vizuri kabisa, kurasa zinafunguka haraka, isipokuwa kichujio kimelala. Na hakuna tiketi (ombi la msaada) itakayofunguliwa, kwa sababu hakuna mtoto atakayepiga simu kulalamika kwamba hazuiwi. Baada ya kila jaribio la toleo jipya, chukua akaunti ya mwanafunzi, si ya fundi, ufungue ukurasa unaojua umezuiwa, na ufanye hivyo kwa kila aina ya mashine uliyonayo, ukiwa kwenye Wi-Fi ya shule na nje yake.

Catalina ilikuwa na somo lake. Iliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani. Idara za picha na muziki zilizokuwa zimenunua programu kwa malipo ya mara moja, kama Adobe CS6, zilijikuta na ikoni isiyofunguka, na dawa ikawa malipo ya kila mwaka ambayo hayakuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Toka hapo hatuangalii tena kama mfumo mpya "unaingia" kwenye mashine. Tunaanza na orodha ya programu ambazo walimu wanazitumia kweli, iliyotolewa kwenye zana ya usimamizi, ile programu inayosimamia mashine zote kwa mbali. Ukiwauliza kwa barua pepe watakujibu wachache, nao watasahau ile programu wanayoifungua mara mbili kwa mwaka.

Lakini jambo linalofundisha kuliko yote ni la Wi-Fi, na ningependa kulieleza polepole.

Shule nyingi huwaingiza wanafunzi kwenye Wi-Fi kwa jina na nenosiri lilelile la kuingilia kwenye kompyuta, kwa njia inayoitwa PEAP-MSCHAPv2. Mtoto anaingia mara moja tu, Windows inachukua nenosiri lile na kulipeleka kwenye mtandao kimyakimya. Kwenye Windows 11 toleo 22H2, kwa mashine za Enterprise na Education zenye vifaa vinavyofaa, kinga iitwayo Credential Guard inawashwa yenyewe bila mtu kuiomba. Ni kinga nzuri: inaficha siri za kuingilia mahali ambapo programu mbaya haiwezi kuzifikia. Ila kwa kuzificha, inakataa pia kuzitoa kwa njia hiyo ya zamani ya Wi-Fi. Kila mtu akiingia, anadaiwa jina na nenosiri upya.

Kwa mtu mzima huo ni usumbufu wa sekunde kumi. Sasa ingia darasa la pili asubuhi. Watoto 28 wa miaka saba, wengine ndiyo kwanza wanajifunza kutafuta herufi kwenye kibodi. Wameshaingia kwenye kompyuta, mwalimu ameshapiga makofi kuwaita, halafu kwenye kona ya skrini kinachungulia kidirisha kidogo kinachodai nenosiri tena. Nusu hawakioni. Waliokiona wanaandika, wanakosea, kidirisha kinafunga. Dakika mbili za msaada kwa kila mmoja ni dakika 56, na kipindi kimekwisha. Mwalimu anayepitia hayo siku tatu mfululizo hurudia karatasi na penseli, na hatuna haki ya kumlaumu.

Kwa nini majaribio hayakugundua? Kwa sababu mashine za majaribio zilikaa ofisini kwa mafundi, zimechomekwa waya wa mtandao, au zilitumiwa na watu wazima waliojaza nenosiri bila hata kufikiri. Majaribio yalipita yote, na hayakuwa na maana. Dawa ya kudumu ni kuhamisha Wi-Fi kwenye vyeti vya kidijitali, EAP-TLS, ambapo mashine inajitambulisha kwa cheti chake na mtoto haulizwi kitu. Kazi hiyo inahitaji mamlaka ya kutoa vyeti, seva ya RADIUS (inayoamua nani aingie kwenye Wi-Fi) iliyopangwa upya, na njia ya kusambaza vyeti, mfano Intune, zana ya usimamizi ya Microsoft, au sera za kikoa. Ipe muhula mzima, wala usiibane kwenye wikiendi moja. Ukiwa bado hujafika huko, sera ya kuzima Credential Guard iwekwe kabla ya kupandisha toleo. Ikiwa imejiwasha yenyewe haina kufuli la UEFI, yaani programu ya msingi inayoamsha mashine, kwa hiyo inazimika kwa sera; ikiwa mtu aliiwasha kwa makusudi pamoja na kufuli hilo, utaizunguka mashine moja baada ya nyingine. Na ukiizima, andika tarehe ya kuiwasha tena, kwa sababu umeondoa kinga.

Baada ya hapo mpangilio wa majaribio lazima ubadilike. Kwa kompyuta 3,000 mpangilio unaofaa ni mashine 5 za mafundi kwa wiki mbili, halafu darasa moja zima la mashine 30, halafu shule moja yenye mashine kama 300, ndipo nyingine. Darasa la majaribio liwe la watoto wadogo, kwa kuwa wao ndio watakaokuonyesha kila kidirisha cha ziada. Mwalimu wake aombwe, asiamriwe, na apewe namba ya simu ya fundi mmoja anayemjua kwa jina.

Januari ni wakati wa kuanza kufikiria mitihani. Majimbo mengi hupima wanafunzi majira ya kuchipua kwa kutumia kivinjari salama, programu inayofunga kila kitu kingine kwenye skrini. California, kwa mfano, inatumia mitihani ya Smarter Balanced. SAT ya Marekani ilihamia kwenye programu ya Bluebook Machi 2024, na Mei 2025 mitihani 28 ya AP, ya masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, ilifanywa humohumo. Kila mtoa mtihani huchapisha orodha ya mifumo endeshi anayoikubali, na toleo jipya linaweza kukosekana kwenye orodha hiyo kwa wiki au miezi baada ya kutoka. Mwanafunzi aliyekalishwa mbele ya mashine ambayo kivinjari salama kinaikataa hana la kufanya ila kunyoosha mkono na kusubiri, huku wenzake wakianza. Ndiyo maana tangu wiki ya kwanza ya Februari hadi mwisho wa Mei hakuna toleo linalopandishwa, hata kama bodi imeomba, hata kama mkuu wa shule ana haraka. Isome orodha ya mtoa mtihani, ichapishe, itie tarehe, kisha irudie baada ya wiki nne, maana hubadilika.

Hapa niseme neno na wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, ambao watoto wao watafanya SAT kwa laptopu ya nyumbani: usibonyeze kitufe cha kupandisha toleo wiki ya mtihani. Mwambie kijana afungue Bluebook siku chache kabla, akamilishe maandalizi ya mtihani ndani yake, na alale akijua betri imejaa.

Kuchelewesha toleo kusichanganywe na kuchelewesha viraka vya usalama, yale marekebisho madogo yanayoziba matundu. Hili ndilo kosa hatari kuliko yote, na linafanywa na watu wenye nia njema. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu ambalo baadaye lilitumiwa na WannaCry, programu mbaya inayofunga mafaili na kudai fidia. Shambulio lilianza 12 Mei. Zilikuwa siku 59, na walioumia wengi ni wale waliokuwa hawajaweka kiraka kilichokuwa tayari. Kwa hiyo viraka ambavyo Microsoft hutoa Jumanne ya pili ya kila mwezi vinaingia kwenye mashine za mafundi siku hiyohiyo na kwa wote ndani ya wiki moja, mitihani au hakuna mitihani. Cha kufanya wakati wa mitihani ni kupanga saa za usiku.

Windows inasaidia kutenganisha mambo haya mawili. Kuna sera ya kutaja toleo unalotaka kubaki nalo, na mashine itabaki hapo ikiendelea kupokea viraka kila mwezi. Matoleo ya nusu ya pili ya mwaka kwa Enterprise na Education huhudumiwa miezi 36, kwa Home na Pro miezi 24. Wilaya iliyonunua leseni ya Education ina miaka mitatu mkononi, na hakuna sababu ya kukimbia.

Mac haitoi nafasi hiyo. Zana ya usimamizi inaweza kuficha toleo jipya kwa siku 90 tu. Sequoia ilitoka 16 Septemba 2024. Siku 90 ziliisha 15 Desemba, miezi kadhaa kabla ya mitihani ya majimbo. Ukiacha hivyohivyo, walimu watarudi kutoka likizo ya Krismasi wakiwa na mchanganyiko wa matoleo mawili. Lazima kuwe na kizuizi cha pili: kudai idhini ya msimamizi kabla ya kusakinisha, au kuzuia kisakinishi chenyewe kisifunguke. Kuna mtego mwingine wa Mac unaowaumiza watu wa manunuzi. Mac haikubali kurudishwa kwenye toleo lililo la zamani kuliko lile iliyotoka nalo kiwandani. Ukiagiza Mac 40 mwezi wa Novemba, huenda zikaja na toleo ambalo kichujio chako hakijalikubali, na huna pa kuzirudisha. Agiza majira ya kuchipua. Wala usijidanganye kwamba unaweza kukaa matoleo mawili nyuma kwa raha: Apple yenyewe inasema kwamba si kila tundu la usalama linalojulikana huzibwa kwenye matoleo ya zamani. Toleo moja nyuma ndio mwisho wetu.

Pesa sasa. Windows 10 iliisha muda wake wa kupata viraka vya kawaida 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu ya mwaka 2016 au 2017 inaweza kuwa nzima kabisa, skrini safi, betri imebadilishwa juzi, na bado ikakataliwa. Inauma kuitazama ikitolewa kwenye kabati. Kwa elimu kuna njia ya kununua muda: viraka vya ziada vya Windows 10 kwa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Kwa mashine 900 zilizoshindwa, miaka mitatu ni dola 6,300. Kuzibadilisha zote kwa mkupuo, ukikadiria dola 400 kila moja, ni dola 360,000. Tofauti hiyo inashawishi, na wilaya nyingi zina haki ya kuichukua, mradi wajue kwamba aliyeruka mwaka wa kwanza hudaiwa wa kwanza pia akijiunga wa pili, na kwamba viraka hivyo havileti programu mpya ya mtihani. E-Rate hailipii laptopu za wanafunzi. Fedha za dharura za UVIKO zilinunua mashine nyingi mwaka 2020 na 2021, na awamu yake ya mwisho ilikuwa na mwisho wa kuagiza 30 Septemba 2024. Mashine zilizonunuliwa pamoja zitachoka pamoja. Mwaka wa fedha wa wilaya nyingi huanza 1 Julai, kwa hiyo ombi la kubadilisha robo ya mashine kila mwaka lipelekwe bodini Januari au Februari, likiwa na idadi ya mashine kwa kila shule na tarehe ambayo kila kundi litakosa viraka.

(Anayenunua laptopu ya mtumba Kariakoo au Nairobi afanye ukaguzi uleule dukani kabla ya kulipa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama inaonyesha 2.0, kisha tazama kizazi cha prosesa.)

Juni wanafunzi wakishaondoka, kazi inaanza. Usihesabu likizo kuwa miezi miwili na nusu. Toa wiki ya kukusanya mashine, wiki ya usafi wa majengo ambapo milango imefungwa na sakafu zimepakwa nta, masomo ya kiangazi, likizo za mafundi wenyewe, na wiki ya walimu kurudi. Zinabaki siku kama 30, yaani mashine 100 kila siku.

Mtandao ndio unaokwamisha kwanza. Kisakinishi cha macOS ni kama GB 12. Kama mashine zote 3,000 zingevuta ukubwa huo kutoka nje, ni TB 36. Kwa laini ya gigabiti moja ikitumika yote bila kitu kingine, ni saa 80. Windows ni ndogo zaidi, lakini hesabu ni ileile. Weka Mac moja yenye waya katika kila shule, uwashe huduma ya kuhifadhi masasisho, na zile nyingine zitavuta kutoka kwake. Kwa Windows, washa kugawana masasisho kati ya mashine na uyafunge kwenye makundi ya shule mojamoja, vinginevyo zitavutana kupitia laini inayounganisha shule, na umerudi palepale.

Umeme ndio wa pili, na husahaulika kila mwaka. Kitoroli cha laptopu 30 zenye chaja za wati 65 kinaweza kudai wati 1,950. Saketi ya darasa Marekani ikiwa ya ampea 15 kwa volti 120, hutoa wati 1,800, na kwa mzigo wa muda mrefu haifai kuvuka 1,440. Swichi inakatika saa nane usiku, betri zinaisha katikati ya kusakinisha, na asubuhi unakuta skrini nyeusi 30. Gawa kitoroli kwenye saketi mbili, au tumia chenye saa inayochaji kwa zamu.

Tatu, kurudi nyuma. Windows inakupa siku 10 za kurudia toleo la awali, na amri ya DISM inaweza kuzifikisha 60. Ukipandisha Juni na walimu wanarudi Agosti, siku 10 zimeshapita kabla mtu yeyote hajaigusa mashine. Ongeza muda huo mara tu baada ya kupandisha. Mac hairudi bila kufutwa kabisa.

Agosti, wiki moja kabla ya kengele, hujitokeza yaliyofichika. Windows 11 toleo 24H2 inadai saini ya kidijitali kwenye SMB, njia ya kupeana mafaili kwenye mtandao, na mashine ya kunakili iliyoko ofisi ya walimu, ambayo kwa miaka mingi ilituma skani kwenye folda ya pamoja, inanyamaza. Sasisha programu ya ndani ya mashine hiyo, au ielekeze kutuma kwa barua pepe. Usizime saini kwa kompyuta 3,000 kwa sababu ya kopia moja.

Wa mwisho kupandishiwa ni wanafunzi wanaotegemea visaidizi: kisoma skrini kama JAWS, kibao cha Breli, vitufe maalumu. Sheria ya IDEA, ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu Marekani, inawapa haki ya vifaa hivyo, na kwa mtoto asiyeona kisoma skrini kikiharibika, somo zima limefungwa. Mashine ya namna hiyo haipandishwi kwa mbali usiku. Mwanafunzi anakuja na mwalimu wake, fundi anakaa pembeni, na kabla ya chochote wanafungua mtihani wa mazoezi kwenye mfumo wa zamani ili wote wasikie unavyopaswa kusikika. Kisha toleo linapandishwa, na mwanafunzi anaufungua mtihani uleule tena. Anasikiliza aya ya kwanza, vidole vikiwa kwenye kibao cha Breli, akiangalia kama nukta zinafuata sauti au zinachelewa. Zikichelewa, mashine inarudishwa palepale kwenye toleo la zamani na anaanza nayo mwaka.